Kaunda suti ya afisa elimu kata

Siku ile nilijiandaa, tena nikazidisha. Darasa la tano, watoto zaidi ya themanini, na mezani nina chupa ya maji ya nusu lita, mawese robo kikombe na mayai mawili. Mawese niliyachagua makusudi. Alizeti ikielea juu ya maji, mtoto wa dawati la nyuma haoni kitu; mawese anayaona hata aliyesinzia. Na hapa Kigoma tukose vyote, si mawese.

Nikamimina, yakapanda juu. Nikasukasuka, yakavurugika. Dakika mbili tu, kila mmoja kwake. Nikavunja yai, kiini nikakitenga kikombeni, nikawaeleza: humu kuna kitu kinachoshika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono wa pili, kikiingia hapo hakuna talaka tena. Ndiyo maana mayonezi haijitengi.

Kabla sijakitia, akaingia afisa elimu kata, bila hodi, kaunda suti rangi ya maziwa, pasi imelala sawasawa.

"Shikamoo mwalimu!" darasa zima.

Nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Chupa nikampa kijana wa dawati la mbele. "Haya baba, suka, mgeni aone!" Akasuka kama bibi anayetafuta samli. Kifuniko nilikifunga mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Kilitokea dirishani. Vilivyobaki vilitua kuanzia kola hadi mfuko wa kalamu.

Nikakimbilia ndoo, nikammwagia mgeni maji. Mawese yakacheka, yakatambaa hadi kiunoni.

"Mwalimu," binti mmoja akanyoosha kidole, "maji peke yake hayashiki mafuta. Umesema mpaka kiini."

Nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta sabuni. Nilipoinuka, watoto watatu walikuwa wamemzunguka afisa, wanampaka kiini kifuani kwa bidii ambayo kwenye kufagia darasa sijawahi kuiona. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama lile yai la pili nalo livunjwe.

Afisa alisimama kimya, mikono kaitanua kama anapimwa kwa fundi. "Naona wameelewa," akasema.

Akaenda ofisini kusaini kitabu cha wageni. Kwenye safu ya maoni hakuandika neno, ila dole gumba lake lilipita pale. Karatasi imekuwa kama kioo. Ukitazama hapo kwenye mwanga unasoma wageni wa ukurasa wa nyuma.