Megapikseli au masafa ya mwanga: kipi kiwe mbele?

Muuza kamera huanza na megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha, kwa kuwa ni namba rahisi kutaja: 24, 45, 61. Masafa ya mwanga, yaani uwezo wa sensa (chipu ya kamera inayopokea mwanga) kushika penye mwanga mkali na penye kivuli kizito katika picha moja, huyakuti kwenye boksi. Hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga maradufu.

Chukua bwana harusi wa Unguja, kavaa kanzu nyeupe, kasimama barazani saa saba mchana. Ukipima mwanga kwa kuufuata uso wake, kanzu inaungua, yaani inabaki weupe mtupu, na darizi la shingoni halionekani tena. Ukiilinda kanzu, uso unazama gizani. Hapo megapikseli hata 100 hazikusaidii, maana kilichoungua hakirudi. Sensa yenye stopu 14 inakupa nafasi ya kuilinda kanzu, kisha kuuinua uso kwenye kompyuta bila chenga nyingi (vidoadoa vya kivulini), mradi umepiga RAW, faili ghafi yenye kila kilichoshikwa na sensa. Anayepiga JPEG tu, faili ambayo kamera imeshaichakata na kuibana, sehemu kubwa ya faida hiyo anaitupa mwenyewe.

Upande wa pili nao una hoja. Mpiga picha wa ndege hawezi kumsogelea tai. Hukata picha abaki na kipande chenye ndege, na hapo pikseli ni mali. Ila tusidanganyane na hesabu: kutoka megapikseli 24 kwenda 45, upana wa picha unapanda kutoka pikseli 6000 hadi 8256 hivi, ongezeko la asilimia 38 tu. Na karatasi ya A4 iliyochapwa vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi, haihitaji hata megapikseli 9.

Kuna dai la zamani kwamba pikseli zikizidi, kila moja huwa ndogo na masafa ya mwanga hupungua. Mwaka 2012 dai hilo lilipata pigo. Nikon D800 ilikuja na megapikseli 36, Canon 5D Mark III na 22. Maabara ya DxOMark ikaipa Nikon stopu 14.4 na Canon 11.7. Siri haikuwa ukubwa wa pikseli. Sensa ya Nikon iligeuza mawimbi ya umeme kuwa namba humohumo ndani ya chipu, hivyo chenga za kivulini zikapungua.

Lakini stopu 14.4 ni za ISO ya chini kabisa (ISO ni kipimo cha kamera kuongeza ung'avu wa picha penye mwanga hafifu). Kwenye Nikon hiyo, kila ulipoongeza ISO mara mbili ulipoteza karibu stopu nzima, wakati Canon mwanzoni ilipoteza kidogo tu, na kufika ISO 3200 kamera hizo mbili zilikuwa karibu sawa. Kwa hiyo mwenye kupiga sherehe za ukumbini usiku anaweza kulipia stopu asizozitumia kamwe.

Kwa harusi za mchana ningechagua megapikseli 24 zenye masafa mapana, na pesa inayobaki iende kwenye flashi: mwanga ukiongezwa usoni, pengo kati ya uso na kanzu linapungua kabla sensa haijaguswa. Wa ndege achukue 45, na anunue hadidiski kubwa siku hiyohiyo.