Mama aliyerudishwa nyumbani hakukataa chanjo

Katika vikao vya kata kusini-magharibi mwa Tanzania, kuanzia Mbarali hadi Ludewa, mazungumzo ya chanjo huishia haraka kwenye hukumu moja: wazazi ni wagumu. Ushahidi unaotolewa ni kadi ya kliniki. Mtoto ana miezi 14, nafasi ya surua-rubella iko wazi, basi mama yake hataki chanjo. Lakini kadi haina mahali pa kuandika sababu. Nafasi hiyo inakuwa wazi kwa mama aliyekataa, kwa mama aliyekuta mto umefurika, na kwa mama aliyefika zahanati asubuhi na mapema akaambiwa arudi mwezi ujao. Aliyekataa yupo, na nitamfikia. Hao wengine ndio wanaosahauliwa, na kuwaita wakaidi ni kuwaonea.

Anayetaka kujua kwa nini mama anarudishwa aanze na kichupa chenyewe. Chanjo ya surua-rubella kwa kawaida huja ikiwa unga mkavu, dozi 10 kwa kichupa, na huchanganywa na maji yake maalumu muda wa kuchanja ukifika. Haina dawa ya kuzuia vijidudu. Ikishachanganywa inatumika kwa saa 6 au hadi kliniki ya siku hiyo imalizike, lolote litakalotangulia, kisha inayobaki inatupwa. Kanuni hii haina mzaha. Mwaka 2017 nchini Sudan Kusini watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua ambamo sindano moja ilitumika kwa watoto wengi, na chanjo ikakaa siku nne bila ubaridi. Muuguzi anayekataa kutumia chanjo ya jana anaokoa maisha.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue zahanati inayohudumia kijiji chenye vizazi 60 kwa mwaka. Kila mwezi watoto 5 hutimiza miezi 9, umri wa dozi ya kwanza. Muuguzi akifungua kichupa kila Jumatano atapata mtoto mmoja, siku nyingine wawili. Mwisho wa mwezi atakuwa amefungua vichupa vinne vyenye dozi 40, akatumia 5 na kutupa 35. Ripoti hiyo ikifika wilayani, mratibu wa chanjo atauliza maswali, na mzigo unaofuata wa chanjo huenda usitoshe. Kwa hiyo muuguzi anafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya akibanwa hivyo: anatenga siku moja kwa mwezi, au anasubiri watoto wafike idadi fulani ndipo afungue.

Kwake hesabu imekaa sawa, ila kwa mama haijakaa. Siku hiyo moja ikiangukia msiba, au wiki ya kupanda viazi, au mvua ya Machi inayogeuza barabara za Busokelo kuwa utelezi mtupu, mtoto anaingia mwezi wa 10 bila kinga. Mwezi unaofuata mama anakuja, anakuta watoto watatu tu, anaambiwa subiri wengine. Amelipa bodaboda, ameacha shamba, amembeba mtoto mgongoni kupanda kilima. Akirudishwa mara ya pili hatakuja mara ya tatu, na mtu asimwambie kwamba haijali afya ya mwanawe. Nyumbani mumewe ameshamuuliza: ulikwenda kufanya nini huko?

Surua haimsubiri. Mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na ili ugonjwa usisambae inahitajika takriban watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika. Ni ushauri mzuri. Unagonga mwamba pale zahanati inapopokea vichupa viwili vya kutumia mwezi mzima.

Kuna jambo hapa ambalo halizungumzwi vya kutosha. Dozi ya miezi 18 inatoka kwenye kichupa kilekile cha miezi 9. Katika kijiji chetu cha vizazi 60, watoto 5 wa miezi 9 na 5 wa miezi 18 wanakamilisha kichupa kimoja kwa mwezi, bila tone kumwagika. Kwa hiyo watoto wa miezi 18 wanaopotea njiani ndio pia wanaosababisha wa miezi 9 warudishwe. Wanapotea kwa sababu inayoeleweka: dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya nchi mwaka 2014, na bibi anayemshauri binti yake huko Tukuyu aliwachanja watoto wake surua mara moja tu, akaambiwa amemaliza. Anasema alilolijua. Wachache ndio walioelezwa kwamba dozi ya kwanza ikitolewa katika miezi 9 huwakinga watoto wapatao 85 katika 100, na kwamba hao 15 waliobaki hawatambuliki kwa macho. Mzazi anayesema "mbona wa jirani alichanjwa na surua ikampata" anasema kitu cha kweli. Anastahili kujibiwa kwa hesabu hiyo, bila kukaripiwa.

Homa inayofuata chanjo nayo ina maelezo yake. Katika wiki ya 14 mtoto huchomwa Penta, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, paja moja, chanjo ya nimonia paja lingine, na ya polio ya sindano, juu ya matone. Sehemu ya kifaduro ndani ya Penta imetengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Inakinga vizuri, na pia inaamsha homa na maumivu kwa watoto wengi jioni ya siku hiyo, ambayo kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili. Ya surua inachelewa: homa yake hutokea kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mama ameshasahau sindano. Mama aliyeambiwa haya asubuhi anaijua homa anapoiona usiku. Asiyeambiwa anaona mtoto mzima aliyepelekwa kliniki akarudi mgonjwa, na kwa alichokiona fikra yake ni ya kawaida kabisa.

Maelezo yenyewe ni ya dakika mbili. Mnyonyeshe mara kwa mara. Mpunguzie nguo, hata kama Makete kuna baridi, kwa maana mtoto mwenye homa akivingirishwa mablanketi joto lake hupanda zaidi. Sirapu ya parasetamo hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo muuguzi amwandikie mama kiasi na saa kwenye karatasi. Mtoto akipata degedege, akilia saa tatu mfululizo, au akikataa ziwa, arudishwe kituoni siku hiyohiyo. Kidonda cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani, kinachotokea wiki kadhaa baada ya sindano, kiachwe bila kukamuliwa wala kupakwa dawa. Kitakauka chenyewe na kuacha kovu.

Halafu kuna maswali makubwa zaidi, yale yanayoitwa upotoshaji kabla hayajasikilizwa. Februari 2022 Malawi ilitangaza polio ya porini, yaani ya kirusi cha asili, kwa mtoto wa Lilongwe. Mwezi uliofuata matone yalipita nyumba kwa nyumba Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Septemba 2023 yakaja mengine, Mbeya na Songwe zikiwamo, kwa watoto wa chini ya miaka 8. Mzazi mwenye kadi iliyojaa aliuliza kwa nini tena. Jibu lipo: tangu Aprili 2016 matone ya kawaida yana kinga ya polio aina ya 1 na ya 3 tu, na mlipuko wa 2023 ulikuwa wa aina ya 2. Jibu kamili linakwenda mbali zaidi. Kirusi hicho cha aina ya 2 asili yake ni kile kilichodhoofishwa ndani ya matone, ambacho kikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasio na kinga kinaweza kubadilika na kurudisha nguvu ya kupoozesha. Wengi waliona heri hilo lisisemwe. Mimi naona ni kosa, kwa sababu mzazi aliyelisikia kwingine, bila sehemu ya pili inayoeleza kwamba dawa yake ni kuchanja wengi zaidi, alibaki na nusu inayotisha.

Na tusisahau aliyoyasikia kutoka juu. Januari 2021 Rais wa nchi alitia shaka hadharani chanjo za corona. Julai mwaka huohuo Rais aliyemfuata alichanjwa mbele ya kamera. Uamuzi wa pili ulikuwa sahihi. Lakini miezi sita ni muda mfupi kumtaka mzazi wa Mbozi au Kilolo aache shaka aliyofundishwa na serikali yenyewe.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi imepita njia hiyohiyo. Mwaka 2018 ilianza kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa ya miaka 9 hadi 14, dozi moja. Mabadiliko yana msingi: tafiti, mmoja wao uliofanyika Kenya, zilionyesha dozi moja inatosha kukinga dhidi ya aina ya 16 na ya 18 za kirusi cha HPV, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Ila baba anayeona binti pekee ndiye anachomwa, shuleni, na idadi ya dozi inabadilika bila neno, atauliza kuhusu uzazi. Hakuna ushahidi kwamba chanjo hii inaharibu uzazi. Saratani yenyewe ndiyo inayowaondoa wanawake vizazi, na maisha. Hilo aelezwe kabla ya siku ya sindano, akiwa mkutanoni au kwenye chama cha ushirika, maana kliniki anakwenda mkewe.

Upande wa wahudumu una hoja nzito pia. Katika zahanati nyingi muuguzi ndiye anayezalisha, anayetoa dawa na anayechanja. Kumtaka afafanue polio aina ya 2 kwa foleni ya akina mama 40 ni kumtwisha kisichobebeka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu chanjo kuwa wajibu wa mzazi, na ni haki, kwani mtoto hakuchagua imani ya nyumbani kwake. Wapo wanaokataa kweli, kwa dini au kwa kusikia mengi mitandaoni, na mtoto wao anaweza kumwambukiza kichanga wa jirani ambaye hajafikisha miezi 9. Kwa hao, viongozi wanaotaka faini wana cha kusimamia.

Shida ni kwamba faini ikipitishwa leo itamwangukia yule aliyerudishwa mara mbili. Kabla ya kumtoza yeyote, rejesta ya zahanati ionyeshe waliofika wasichanjwe, na kwa sababu gani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe kila mwezi majina ya watoto wanaotimiza miezi 9 na miezi 18, awajulishe siku moja, na siku hiyo kichupa kifunguliwe, wawe 10 au wawe 2. Kwa wafugaji wa Usangu, huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu walipo, ifuate mnada badala ya kalenda ya zahanati. Vichupa vya surua-rubella vya dozi 5 vinatengenezwa tayari. Kila dozi yake ina bei ya juu kidogo na inakula nafasi zaidi kwenye jokofu, lakini kwa vijiji vidogo vya Makete na Ileje, ambako watoto watatu ndio kliniki nzima ya siku, halmashauri inapaswa kuviomba.