Zawadi kwa mwalimu haina ubaya, ubaya uko kwenye orodha

Ikifika Novemba, magrupu ya wazazi kwenye WhatsApp hubadilika sura. Anaanza mmoja: "Wapendwa, mwaka unaisha, tumkumbuke mwalimu wetu." Muda si mrefu inatua orodha. Namba 1, Mama Jamila, 5,000, tiki. Namba 2, Baba Neema, 10,000, tiki. Namba 3, Mama Kelvin, wazi. Kila anayetuma pesa anainakili orodha, anaweka tiki yake, anairusha tena. Hadi jioni imezunguka mara ishirini, na kila ikizunguka, pengo la Mama Kelvin linaonekana zaidi.

Hapo ndipo lilipo tatizo, ingawa mabishano kuhusu zawadi za walimu huanzia kwingine: kwenye rushwa.

Wanaopinga wana hoja ya kisheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, haiishii kwenye kishawishi cha kabla. Inagusa pia malipo yanayotolewa baada ya mtumishi kutenda jambo la kazi yake, dhamira ikiwa ya kirushwa. Kwa hiyo kusema "nilimpa baada ya matokeo" hakumwokoi mtu peke yake. Korea Kusini walikaza zaidi: chini ya sheria iliyoanza kutumika Septemba 2016, mwanafunzi mmoja mmoja hawezi kumpa mwalimu wake hata ua Siku ya Walimu. Mwakilishi wa wanafunzi ndiye anayeweza kulitoa, tena hadharani.

Sasa tuwasikilize wanaotoa, maana hawa husikilizwa kidogo. Mwalimu wa shule ya msingi ana nini hasa cha kuuza? Mtihani wa darasa la saba unatungwa na kusimamiwa na Baraza la Mitihani. Mwalimu wa darasa hasahihishi karatasi za wanafunzi wake. Kitenge cha yadi sita hakiongezi alama hata moja pale. Anachobaki nacho mkononi ni ripoti ya muhula, kiti cha mbele na jicho lake.

Jicho hilo tulipigie hesabu. Darasa la kwanza lenye watoto 70, kipindi cha dakika 30: kila mtoto anaangukiwa na sekunde zisizofika 26. Hapo bado mwalimu hajaandika ubaoni, hajanyamazisha waliogombania penseli, hajamtoa nje anayetapika. Kipindi kikiisha, madaftari 70 yanasubiri kalamu nyekundu, na ya Hesabu yakimalizika yanaletwa ya Kusoma. Kazi hiyo haina marupurupu yake, na wazazi wengi humwona mwalimu siku wanayoitwa kwa sababu mtoto kapigana. Mzazi anayekwenda shuleni mara moja kwa mwaka kusema asante, na kitu mkononi, anafanya jambo ambalo kikao cha wazazi hakijawahi kulifanya.

Wala si jambo geni kwetu. Kwenye vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto akihitimu wazazi humtunza maalimu mbele ya watu, na hakuna anayenong'ona kuhusu hongo. Masomo yamekwisha, kila mtu anaona, na mtoto hana tena cha kupendelewa.

Zile sekunde 26, hata hivyo, zinakata kuwili. Kwa kuwa ni chache, mzazi mmoja akipenyeza bahasha mwezi wa tatu anaweza kweli kumnunulia mwanawe sekunde za mwenzake. Ndiyo maana zawadi ya mtu binafsi katikati ya mwaka, hasa kuanzia awali hadi darasa la pili, haifai hata ikiwa kilo mbili za sukari.

Kuhusu orodha, tunalo funzo la nyumbani. Takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, iliruhusiwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Miongoni mwa sababu ni kwamba ilimbagua mgombea asiye nacho mbele ya mwenye nacho. Orodha ya grup inawafanyia wazazi jambo lilelile. Mwenye watoto watatu shule moja anadaiwa 15,000 wiki moja. Akikaa kimya, anaonekana na wote, akiwamo mwalimu wa darasa, ambaye mara nyingi ndiye admini wa grup! Mwalimu hakuomba kujua nani katoa na nani hakutoa, ila sasa anajua, na Januari hawezi kujisahaulisha. Kisha atatokea mtu na kuandika "mkono mtupu haulambwi", methali ambayo, ukiifikiria, inawapa wapinzani ushindi wote.

Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za umma baada ya malalamiko kwamba watoto wanarudishwa nyumbani. Orodha inaurudisha mchango ule kwa mlango wa uani, safari hii wazazi wakidaiana wenyewe.

Dawa yake si ngumu. Mazungumzo ya zawadi yafanyike kwenye grup lisilo na mwalimu. Achaguliwe mweka hazina mmoja. Kwa kuwa pesa za simu huja na jina la mtumaji, yeye atajua, lakini grupuni atangaze jumla tu. Kiwekwe kikomo cha juu badala ya kima cha chini, tuseme 2,000. Watu 40 kati ya 70 wakitoa, ni 80,000, na inatosha. Mikondo A na B iunganishe mfuko, la sivyo mwalimu wa B atapokea doti moja ya kanga huku mwenzake akibeba seti ya sufuria, na ofisi ya walimu haitakalika. Mwalimu wa kujitolea asirukwe, maana pengine ndiye aliyebeba vipindi vingi.

Inunuliwe zawadi ya kitu, isiwe bahasha. Mwalimu mkuu ajulishwe mapema, na ikabidhiwe mstarini baada ya ripoti kutolewa. Darasa la saba lina bahati: hufanya mtihani Septemba, na Siku ya Walimu Duniani ni tarehe 5 Oktoba.

Kadi ndiyo huharibika kirahisi kuliko vyote. Mweka hazina huandika "kutoka kwa wazazi wafuatao", na hapo orodha imerudi, imefungwa utepe. Apewe kiranja karatasi kubwa ya manila na kalamu tatu za rangi, izungushwe darasani, waandike majina yao wote 70. Kelvin naye aandike lake, kubwa anavyotaka.