Kabla ya kuchagua jeti, tazama boti italala wapi

Wanaonunua boti ndogo ya kuhudumia yoti (boti kubwa ya starehe) huchagua kati ya jeti, yaani pampu iliyo ndani ya boti inayosukuma maji kwa nguvu kwenda nyuma, na injini ya kupachika, inayofungwa nyuma ya boti ikiwa na propela yake. Wengi huanza na nguvu za farasi. Naona swali la kwanza ni jingine: boti hiyo ikimaliza kazi italala wapi? Ndani ya gereji ya yoti, juu ya sitaha, kwenye winchi za tezi (nyuma ya yoti), au imefungwa majini wiki nzima?

Kama italala majini, jeti iondoe kwenye hesabu. Injini ya kupachika huinuliwa ikakaa juu ya maji. Pampu ya jeti haina pa kwenda. Inabaki imezama, na humo ndani wadudu wa magamba hujijengea taratibu. Wakishika kwenye impela, yaani pangaboi la ndani ya pampu, au kwenye mdomo wa kutolea maji, injini itanguruma na boti isiondoke.

Gereji ndiyo inayoipa jeti haki yake. Injini na pampu zimelala chini ndani ya boti, kwa hiyo hakuna kichwa cha injini kinachogonga dari. Injini ya kupachika ukiiinamisha unapunguza kimo, lakini unaongeza urefu kwa nyuma, na hapo ndipo mlango wa gereji unapokataa kufunga. Pima boti ikiwa inaning'inia kwenye kreni, pamoja na mikanda yake, wala usitegemee vipimo vya kwenye karatasi ya muuzaji.

Sifa nyingine ya jeti ni ya kweli kabisa: hakuna propela inayozunguka wazi karibu na miguu ya waogeleaji. Yoti yenye watoto wanaoruka majini kutwa ina sababu nzito ya kuichagua. Hata hivyo, nywele ndefu na kamba huweza kuvutwa na tundu la kunyonyea maji, kwa hiyo injini izimwe mtu anapopanda.

Lile dai la "jeti inapita popote" ndilo linaloharibu pampu nyingi. Ikiwa tayari inateleza juu ya maji, kweli inapita pa kina kidogo sana. Ila ukiwa umesimama, kwenye maji yasiyofika mita moja, ukiongeza mafuta inanyonya mchanga na kokoto. Nafasi kati ya ncha za impela na pete inayoizunguka haifiki milimita moja. Kokoto zikiichimba pete hiyo, maji yanavuja kurudi nyuma, mizunguko inapanda na mwendo haupandi. Mwani na mifuko ya plastiki huleta dalili hizo hizo, kwa hiyo kabla ya kuagiza pete mpya zima injini, toa ufunguo, kisha chungulia chujio la tundu la kunyonyea maji, chini ya boti.

Kwenye gati, nahodha aliyezoea propela atashangaa. Jeti haina usukani wa kukata maji. Inageuka kwa kuelekeza mkondo wake. Ukipunguza mafuta ghafla ili usigonge, umejinyima na uwezo wa kugeuka. Katika jeti nyingi ndogo, nyutro ni kikombe cha rivasi (kile kinachougeuza mkondo wa maji uelekee mbele) kilichoshushwa nusu tu, nayo boti huendelea kutambaa. Kwa safari fupi za polepole kati ya yoti na gati, jeti pia inakula mafuta zaidi.

Injini ya kupachika ina makosa yake, mengi ya siku ya kufungwa. Mguu wake, sehemu inayoshuka majini hadi kwenye propela, huja kwa sentimita 38, 51 au 64 hivi, na lazima ulingane na kimo cha ubao wa tezi. Bamba lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti au juu kidogo. Mguu ukiwa mfupi, propela inavuta hewa kila unapokata kona. Ukiwa mrefu, unaburuza maji bure. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, sili (raba ya kuzuia maji) imepitisha maji. Faida yake kubwa ni kwamba fundi wa bandari yoyote anaijua, na ikishindikana unafungua skrubu, unapachika nyingine.

Jeti ya petroli ina injini iliyofungiwa ndani, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo unatuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Washa feni ya kutolea hewa dakika 4 kabla ya kuwasha injini, kila mara. Ipo jeti ya dizeli, ambayo ni nzito zaidi lakini inaishi vizuri na yoti ya dizeli. Kwa bajeti inayoruhusu, hiyo ndiyo ningeitetea.

Mabaharia wanaohamia jeti huikosea hata kuiosha. Kwa injini ya kupachika unafungua maji matamu kwanza ndipo unawasha. Kwa jeti nyingi zenye injini za aina ya pikipiki za majini ni kinyume: washa kwanza, fungua maji, funga maji, ndipo uzime. Ukigeuza mpangilio huo, maji yanarudi kupitia ekzosi mpaka kwenye silinda.