Barua pepe zikikwama, soma logi kwanza

Ofisi nyingi hapa Dar, hasa za mawakala wa forodha kule Kurasini na Posta, zinaishi kwa barua pepe. Hati za mzigo zisipofika, kontena linabaki bandarini na gharama zinazidi kupanda. Ndiyo maana naumia nikimwona fundi anakaa mbele ya seva ya Dovecot (programu inayowapa watumiaji barua zao) iliyogoma, halafu kitu cha kwanza anachofanya ni kubadilisha pasiwedi za watu wote. Cha pili, anaizima na kuiwasha. Logi, yaani faili ambamo seva huandika kila kinachotokea, hajaifungua, na jibu limo humo humo.

Kuna tatizo linalojirudia mno. Ofisi nzima inatumia anwani moja ya info@, watu wanane, kompyuta na simu zao, wote wakipitia ruta moja. Asubuhi kazi ikichanganya, wengine wanapata barua, wengine wanakataliwa. Anayebahatisha atalaumu pasiwedi. Anayesoma logi atakuta mstari unaotaja mail_max_userip_connections=10. Maana yake, Dovecot isipoelekezwa vingine humruhusu mtumiaji mmoja miunganisho 10 tu kutoka anwani moja ya IP, na Thunderbird, programu ya kusomea barua, peke yake hufungua kadhaa kwa mpigo. Pandisha kikomo, watu waendelee na kazi. Ila kwa maoni yangu kila mfanyakazi apewe sanduku lake, kwa sababu pasiwedi inayojulikana na watu wanane haina wa kuulizwa siku mambo yakiharibika.

Mara nyingine mtu anaingia bila shida, lakini inboksi ni tupu. Hapo pasiwedi haina kosa lolote! Mara nyingi Postfix, programu inayopokea barua zinazoingia, inashusha barua kwenye /var/mail huku Dovecot inazitafuta kwenye ~/Maildir. Andika doveconf -n, itakuonyesha mipangilio iliyobadilishwa tu, kisha ulinganishe na upande wa Postfix. Na kama Dovecot imepandishwa hadi toleo la 2.4, mpangilio wa mail_location, uliotaja barua zinapokaa, haupo tena. Siku hizi ni mail_driver na mail_path. Ukinakili mwongozo wa zamani, Dovecot haiwaki kabisa.

Linaloniudhi kuliko yote ni cheti cha usalama cha seva kuisha muda, kisha fundi akawaambia watumiaji wabonyeze tu kukubali, au wahamie mlango (port) wa 143 bila usimbaji. Mtu huyo huyo jioni atafungua barua kwenye Wi-Fi ya mgahawa Mikocheni, na pasiwedi yake itapita wazi hewani. Cheti cha Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90, na mara nyingi certbot, programu ya kuhuisha vyeti hivyo, imeshakihuisha. Kipya kipo kwenye diski, Dovecot bado imeshikilia cha zamani. Dawa ni doveadm reload, amri ya kuifanya Dovecot isome upya mipangilio na cheti. Iweke amri hiyo kwenye skripti ndani ya /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy, ijiendeshe yenyewe kila cheti kinapohuishwa, na mlango wa 993, wenye usimbaji, uachwe kama ulivyo.