Nimetembea Limehouse mpaka St Katharine, na kuna kitu kimenikaa moyoni

Wenzangu mnaokuja London, ile boti ya watalii acheni, bandari ya zamani itembeeni kwa mguu. Mi Jumamosi nimeanzia Limehouse, pale pembeni ya reli kuna mnara wa matofali wa pembe nane wa mwaka 1869, watu wanapita tu hata hawauangalii. Ndani yake lilikuwemo pipa kubwa la chuma limejazwa kokoto, tani kibao, mashine ya mvuke inasukuma maji chini yake linapanda juu, basi uzito wake ndo unayakandamiza maji kwenye mabomba, ukifungua koki huko gatini kreni inanyanyua mzigo. Yaani maji ndo yalikuwa kama umeme wao!

Mbele kidogo Wapping kuna stesheni ya kusukuma maji ya presha namna hiyo, ya 1890, ilikuwa ya London Hydraulic Power Company, hawa walikuwa na mabomba zaidi ya maili 180 chini ya mji, presha kama paundi 800 kwa inchi ya mraba, lifti za mahoteli nazo zikipandishwa na maji hayohayo. Ilizimwa 1977, mabomba baadae yakapitishwa nyaya za mawasiliano.

Nimefika St Katharine maji ya Thames yamekupwa, nje ya lango tope tupu, ndani boti zinaelea. Gati hili la 1828 liliwekewa mashine za mvuke za kusukuma maji, ndani yabaki juu ya mto kama futi 4. Ila kulichimba zilivunjwa nyumba kama 1,250, watu zaidi ya 11,000 wakaondolewa, na mi naona hao wanastahili kutajwa kabla ya injinia yeyote.

Halafu pale katikati kuna Ivory House, ghala la pembe za ndovu. Mi mtu wa pwani bwana, hapo miguu iligoma. Pembe za Unguja zilikuwa zinauzwa huku London, na kabla ya kufika Unguja zilitoka bara mpaka Bagamoyo kwenye mabega ya wapagazi, miezi njiani, wengine hawakufika. Zikifika huku mzigo unanyanyuliwa kwa kufungua koki. Sifa za kreni tunasomewa kila siku, na mi nataka pale ukutani kiandikwe na kile kipande cha safari cha kutoka Tabora.