Laiti Ningekuwa Punda

Kwa miaka kumi na mitatu nilicheza namba tisa katika timu ya mtaa wetu hapa Lamu, na katika muda huo wote sikumbuki hata siku moja niliyovuka mstari wa katikati kurudi nyuma kuwasaidia mabeki, isipokuwa wakati wa mapumziko, na hapo ni kwa sababu ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa imewekwa upande huo. Kazi ya mshambuliaji, nilivyoielewa mimi, ni kungoja. Mpira ukigonga mlingoti wa goli au ukimponyoka kipa, mguu uwe umeshafika na kumaliza shughuli kabla ya akili kuulizwa neno. Mguu wangu wa kulia ulizoea kufanya kazi bila ya kunishauri, nami kwa miaka hiyo yote sikuona sababu ya kuulalamikia.

Goti liliponiharibikia nikiwa na umri wa miaka 29, nilijiliwaza kwa habari za Brian Clough, yule Mwingereza aliyefunga mabao 251 katika mechi 274 za ligi akiwa na Middlesbrough na Sunderland, kisha akaumia goti tarehe 26 Desemba 1962, na mwaka 1965, akiwa na miaka 30 tu, akaanza ukocha Hartlepools, timu ya daraja la nne. Kutoka huko chini aliibuka akatwaa ubingwa wa Uingereza na Derby County mwaka 1972, akautwaa tena na Nottingham Forest mwaka 1978, na juu ya hayo akachukua Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Mimi na Clough tulikuwa tumelingana goti. Hayo mengine niliyaachia majaliwa. Wazee wa timu waliponiita barazani kunipa ukocha niliwasimulia habari hizo zote kwa ufasaha, nikaruka tu ile sehemu ya mwaka 1974 ambapo Leeds walimvumilia kwa siku 44 kisha wakamwonyesha mlango.

Kama ningekuwa na busara ningeyatafakari zaidi yaliyomfika Alex Ferguson, ambaye naye alikuwa mshambuliaji kabla ya kuwa kocha. Katika fainali ya Kombe la Uskoti ya mwaka 1969, akiichezea Rangers dhidi ya Celtic, alipewa kazi moja ya ulinzi, nayo ni kumkaba Billy McNeill wakati wa kona. Dakika ya pili kona ikapigwa, McNeill akaruka peke yake akaupiga kichwa, na hadi mwisho Celtic walikuwa wameshinda 4-0, lawama zikamwangukia Ferguson. Mshambuliaji karibu na goli lake mwenyewe ni hatari hata akikusudia mema. Ferguson alikuja kuiongoza Manchester United kuanzia 1986 hadi 2013, lakini sijapata kusikia kwamba katika miaka yote hiyo aliwahi kwenda kusimama kando ya mlingoti wa timu yake. Mimi nilisimama.

Tulikuwa tumealikwa Faza, kisiwani Pate, kucheza mechi moja ambayo mshindi angeondoka na beberu. Atokaye Lamu kwenda Faza hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakijaa hupitika vizuri na yakipwa hugeuka kuwa tope lililozungukwa na mikoko. Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yakijaa alfajiri na tena alasiri, kwa hiyo tuling'oa nanga mara tu baada ya sala ya alfajiri, na nahodha wa mashua akanipa sharti moja: jioni tuwe tumeshaondoka Faza kabla ya saa kumi na moja. Kwa ajili hiyo mechi iliwekwa saa nane na nusu, jua likiwa bado na hasira zake. Nilipojaribu kumwomba nahodha nusu saa zaidi, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akaniambia, "mai hayajui dakika za nyongeza."

Njiani niliwahutubia vijana wangu juu ya Kenny Dalglish. Niliwaeleza jinsi Liverpool walivyomfanya kocha mwaka 1985 ilhali bado anacheza, na jinsi tarehe 3 Mei 1986, katika uwanja wa Chelsea, alivyoutuliza mpira kwa kifua, akaupiga kabla haujatua, akafunga bao la pekee lililowapa ubingwa wa Uingereza. Nilisimama katikati ya mashua ili neno lifike mpaka tezi. "Kocha wa kweli," nikasema, "huweza kuiamua mechi kwa mguu wake mwenyewe." Maneno hayo baadaye nilirudishiwa mara nyingi sana, na mengine yakarudishwa na watu ambao hawakuwamo chomboni.

Winga wetu wa kushoto, kijana msomi asiye na adabu, akauliza: "Na Shearer, Mwalimu?" Alikuwa akimkusudia Alan Shearer, mwenye mabao 260 katika Ligi Kuu ya Uingereza, aliyekabidhiwa Newcastle mwaka 2009 zikiwa zimebaki mechi nane, akashinda moja, na timu ikashuka daraja. Nilimjibu kwamba upepo ulikuwa mwingi na sikumsikia.

Kuhusu mechi yenyewe sina mengi. Walitangulia kufunga, tukasawazisha, mapumziko yakarefuka kidogo ili watu wapate kusali alasiri, na kipindi cha pili kilipofika katikati tukapata bao la pili kwa kichwa. Kufikia dakika ya 88 tulikuwa tukiongoza 2-1, beberu amefungwa kwenye mnazi akitafuna boksi, na mimi nimeshaanza kumpangia nafasi yake chomboni.

Ndipo nilipomwona kipa wetu akiukimbilia kila mpira uliotoka, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa nyuma. Nilipiga kelele kutoka kwenye benchi hakusikia. Basi nikaondoka taratibu, mikono nyuma, nikazunguka kibendera cha kona kama mtu anayetafuta kivuli, mpaka nikafika kando ya mlingoti wake wa kulia, nikaanza kumsemesha kwa upole juu ya fadhila za kutokuwa na haraka. Nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi na makubadhi mapya, kwa kuwa naamini kocha hana budi kuwa na haiba. Kipa, ambaye amelelewa vizuri, alinigeukia ili anisikilize, kwani si adabu kumpa mtu mzima kisogo anapozungumza nawe.

Wakati huo huo kiungo wao akapiga kombora kutoka mbali.

Mpira ulimpita kipa begani, ukagonga mlingoti wa kushoto, kisha ukaanza kurudi ukiviringika sambamba na mstari wa goli, pole pole, ukija moja kwa moja upande wangu. Beki wetu wa kati alikuwa hatua mbili tu nyuma yake, amekwisha kuinua mguu auondoshe. Yote haya niliyaona kwa uwazi mkubwa. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusoma dua. Lakini mpira wenyewe ulikuwa umegonga mlingoti, kipa alikuwa chini, na goli lilikuwa wazi, na kwa miaka kumi na mitatu mambo hayo matatu yakikutana yalikuwa na maana moja tu kwangu. Mguu wa kulia haukuniuliza. Niliingia uwanjani hatua moja, nikaugusa mpira kwa ndani ya unyayo, ukazama wavuni pamoja na kubadhi langu.

Ningependa kusimulia kwamba nilishtuka papo hapo. Ukweli ni kwamba niliinua mikono juu na kukimbia hatua nne kuelekea kwenye kibendera cha kona, na kwa kuwa watu wa Faza walikuwa wakishangilia kwa sauti kubwa, sikuona jambo lolote la kunitia shaka. Hatua ya tano ndiyo iliyokuwa nzito. Niligeuka nikawaona vijana wangu kumi na mmoja wamesimama wamenikodolea macho, na nyuma ya goli punda mmoja aliyebebeshwa madumu ya maji naye ananitazama.

Mwamuzi alipuliza kipenga, na hapo palizuka mjadala ambao naamini haujawahi kufanyika katika pwani yetu. Watazamaji walitaka bao. Mwamuzi akasema bao hapana, kwa sababu mpira haukuwa ukienda golini mpaka nilipoupeleka mimi. Nahodha wa timu yetu, niliyemfundisha sheria kwa kutumia kijitabu cha enzi nilizokuwa nikicheza, akasogea mbele kwa heshima.

"Bwana refa, kocha si mchezaji. Huyu ni kitu cha nje. Tuseme yule punda pale ndiye aliyeingia akaupiga mpira, ungefanya nini?"

"Ningesimamisha mchezo na kudondosha mpira," mwamuzi akajibu.

"Basi na huyu mhesabu ni punda."

Sijapata kutetewa vizuri zaidi maishani mwangu. Nilichechemea mbele kwa kubadhi moja, nikatangaza mbele ya umma wote kwamba mimi binafsi naiunga mkono hoja hiyo na sina pingamizi lolote la kuhesabiwa punda. Mzee mmoja aliyekuwa ameshaingia wavuni kulichukua kubadhi langu alilinyanyua juu ili kila mtu alione, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumwona punda aliyevaa hili.

Mwamuzi, ambaye ni mwalimu wa shule na hana papara, alitoa mfukoni orodha ya timu tuliyompa asubuhi, akatafuta kwa kidole mpaka akalifikia jina langu. Alitueleza kwamba hoja ya nahodha ingekuwa sahihi miaka ya nyuma, lakini tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2016, ofisa wa timu akiingia na kuuvuruga mchezo, timu yake huadhibiwa kwa mkwaju wa moja kwa moja, au penalti kosa likitokea ndani ya eneo lake la hatari. "Punda," akamalizia, akikunja karatasi, "hakuandikwa hapa." Kisha akanionyesha kadi nyekundu, kwani tangu mwaka 2019 makocha nao huonyeshwa kadi, nami ndipo nilipotambua kuwa nilikuwa nimefaulu kupata kadi nyekundu ya kwanza katika maisha yangu ya soka baada ya kustaafu.

Laiti ningekuwa punda, tungelala na beberu nyumbani. Badala yake penalti ikapigwa, ikaingia, mechi ikaisha 2-2, na tukaenda kwenye mikwaju mitano mitano, ambayo niliitazama nikiwa nje, nimejibanza nyuma ya ukuta wa mawe, mguu mmoja ukiwa umesimama juu ya mwingine kwa sababu mchanga ulikuwa bado wa moto. Tulipoteza. Tulipofika gatini ilikuwa yapata saa kumi na mbili kasorobo, kwani mjadala wa punda ulikuwa umekula zaidi ya nusu saa. Nahodha wa mashua alikuwa ameketi juu ya kikoi chake akinywa kahawa. Hakunilaumu hata kidogo. Alitaja tu, akiwa amekodolea kikombe, kwamba Mkanda ulikuwa umeshafungwa mpaka kesho.

Watu wa Faza hawakuturuhusu kulala chomboni. Walitugawa nyumba kwa nyumba, wakatupa vikoi vya kujisitiri na maji ya kuoga, na baada ya isha wakatukusanya uani kwa sinia za pilau. Beberu tuliyemgombania alikuwa ndani yake. Nahodha wa timu yao alikuja mwenyewe na sahani ya pembeni, akainama akaiweka mbele yangu: paja zima, limekaukia viungo vizuri, na juu yake ndimu iliyokatwa.

"Mzee, hili ni lako," akasema. "Mfungaji wetu hutengewa."

Vijana wangu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kukohoa. Mimi nilinyamaza nikala, kwa sababu njaa haina timu. Kipa wetu, ambaye alikuwa sinia moja nami na tangu jioni hajanisemesha, alinyoosha mkono ajimegee kipande cha lile paja, nami kabla sijafikiri nikawa nimeshaudaka mkono wake hewani. Akautazama mkono wangu kwa muda, kisha akauliza kwa utaratibu, watu wote wakisikia:

"Ami, kumbe siku zote hizo za kufungwa, nyumbani tulikuwa na kipa?"